Nilipunguza Kila Kitu, Nikasahau Saa

Ndinda wangu,

Umeenda saluni kule Mutindwa kusukwa, na kwa hizo nywele nyembamba ulizochagua, zile za kumkalisha mtu mpaka miguu ife ganzi, najua nina jioni nzima ya kuandika bila wewe kuchungulia begani kwangu. Baba yako naye ametoka na sanduku lako. Amelipeleka kwa bucha lipimwe kwenye mizani ya nyama, kwa sababu ile ndogo ya kushika mkononi tuliyoazima haiamini. Nimemwona dirishani akivuka uwanja nalo kichwani, anasalimia kila mtu mara mbili, anangoja aulizwe anakwenda wapi ili apate kutangaza kwamba Mwaitu wake anasafiri. Tangu tulipokupa jina la mama yake hajawahi kukuita ila hivyo, "mama yangu" kwa Kikamba, na mimi hapa nyumbani nimeishi na mama mkwe wawili.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kufunga mlango, wala za wanaume. Shangazi yako amekuhutubia wiki nzima na sina cha kuongeza. Nataka kujibu ulichoniambia Jumapili.

Tulikuwa jikoni baada ya kanisa. Mimi nilikuwa nakata sukuma, wewe umeegemea friji, ukasema bila kunitazama, "Mathe, mi naona nibaki tu. Hapa watu wananijua. Huko ni kubwa sana. Hii kazi yangu yote ni ya hapa mtaani tu, ni ndogo. Kwani nikifika huko nitakuwa nani?"

Nikakwambia unipe chumvi.

Ndiyo, chumvi. Mimi, ambaye mdomo wangu unajulikana mpaka Donholm. Mtoto wangu amepata nafasi ya kusomea mito na bandari Uholanzi, katika jumba ambalo ndani yake wamejenga bandari nzima ya kujaribia, na anapoanza kuogopa mbele yangu, namwomba chumvi. Ulinipa, ukaenda chumbani, na tangu siku hiyo hujasema utaenda wala hujasema hutaenda. Unakubali kila kitu kwa kichwa. Ndege ni kesho, na mimi mama yako sijui kama asubuhi utavaa viatu au utajifunika blanketi mpaka ndege ipite juu ya paa letu.

Umesema huko ni kubwa na hapa ni ndogo. Basi umegusa kazi yangu. Habari za vikubwa na vidogo ndizo zilizokulisha tangu uzaliwe, kwa hivyo hapo lazima unisikilize.

Unajua kwamba babu yako alikuwa mchongaji kutoka Wamunyu, na kwamba kibanda chake cha twiga na vifaru ndicho kilichonilea huku Eastlands. Nilichonga naye tangu nikiwa msichana, kwa sababu kaka zangu hawakuweza kukaa chini. Kisha nikasikia kwamba maabara moja ya maji kule Industrial Area inatafuta mtu wa kuchonga modeli za mabwawa na mito. Nilikwenda bila cheti chochote, nina twiga mmoja tu kwenye mkoba. Injinia Wafula, mtu wa Bungoma mwenye kicheko cha kutikisa vioo, alimgeuzageuza yule twiga akasema, "Huyu ana magoti. Kuja kesho."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mto. Kipande tu cha mto, chenye kona mbili, mahali walipotaka kujenga daraja. Walitaka kujua maji yatafanya nini kabla ya kumwaga zege. Nilitia bidii ya mtu anayetaka kuandikwa kazi. Nilichonga miti ya ukingoni. Nilichonga ng'ombe wakinywa maji. Nilichonga mama ameinama anafua, na kanga yake nikaipaka rangi. Halafu sakafu ya mto nikaipiga msasa, nikaipaka vanishi mpaka ikang'aa kama kabati la bibi harusi. Injinia alikuja, akazunguka meza, akainama kumtazama yule mama anayefua, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Syombua, hii ni picha. Tena picha poa sana. Lakini mimi nilitaka mto."

Akafungua maji. Yakateleza juu ya vanishi yangu, yakaikosa kona ya kwanza, yakaruka nje yakamlowesha viatu. Mto wa kweli una mawe na nyasi za kuyashika maji, mimi nilikuwa nimeyatengenezea sakafu ya dansi. Nikakwangua vanishi yote. Nikabandika kokoto na mchanga kwa gundi, na kwenye kona nikapigilia misumari, vichwa juu. Ungeuona mto ule ungedhani ni takataka za mafundi wa jua kali. Lakini maji yalipofunguliwa yalipanda ukingo wa kushoto, yakajikunja, yakaanza kuchimba pale pale ambapo watu wa kule walikuwa wamesema mto wao huchimba. Nilipiga kelele. Injinia naye akapiga kelele. Tulikuwa watu wazima wawili tunashangilia matope.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuna kufanana kwa sura na kuna kufanana kwa mwendo, na kwamba unaweza kuwa na cha kwanza kizima bila tone la cha pili. Nilijifunza kazini. Nyumbani nilichelewa kidogo. Ulipokuwa darasa la pili nilikununulia patasi, unakumbuka, kwa sababu nilitaka uwe mimi, saizi ndogo. Ulijikata kidole siku hiyo hiyo, ukaitupa patasi kwenye mtaro wa barabarani, kisha ukachuchumaa hapo. Nilikuja mbio nikikufokea kwa ajili ya patasi. Wewe hata hukugeuka. Ulikuwa unatazama maji yanavyogawanyika mbele ya ile patasi na kukutana tena nyuma, na kile kiwimbi kinachosimama mahali pamoja bila kwenda popote. Mimi nilikuwa nalilia patasi, na mwenzangu alikuwa ameshaanza kazi yake.

Injinia alikuwa na ubao mweusi karibu na mlango wa stoo, na saa ya chai alikuwa akinifundisha. Hakulazimika. Nilikuwa fundi wa mbao, angeweza kuniacha na gundi yangu. Alisema hivi, na ninayaandika kama alivyosema:

"Kila kitu kimevaa nguo. Urefu umevaa mita. Muda umevaa sekunde. Kasi imevaa zote mbili, mita juu, sekunde chini. Sasa wewe ukitaka kujua kama mto mkubwa na mto mdogo ni ndugu, usiangalie nguo. Kwa nguo, mkubwa atashinda kila siku. Zidisha hii, gawanya na ile, mpaka mita zikatane na mita, sekunde zikatane na sekunde. Namba itabaki haijavaa kitu."

"Uchi?" nikauliza. Nilikuwa mwanakwaya.

"Uchi kabisa, dada yangu. Na namba ikiwa uchi, haijui kama imetoka kwa mto ama imetoka kwa karai. Ikiwa sawa huku na sawa kule, hao ni ndugu."

Akaandika moja: kasi ya maji mara kasi yenyewe, gawanya kwa kina cha maji mara mvuto wa dunia. Nguo zikakatana zote. Akasema hiyo ndiyo inayotawala mawimbi. Ishike isibadilike, na mawimbi ya kwenye meza yatajua kuwa mawimbi ya mtoni. Nilikwenda nyumbani nikamweleza baba yako kwenye chakula. Alisikiliza vizuri, kisha akaniuliza kama mke wa Injinia anajua mambo tunayozungumza kazini.

Namba hizo ziko zaidi ya moja, na hapo ndipo utamu unapoanza. Ya pili inahusu mnato, jinsi kinachomwagika kinavyojishika chenyewe. Uji unajishika sana, maji yanajishika kidogo. Nikauliza, kwa nini tusizishike namba zote mbili pamoja, mto mdogo ufanane na mkubwa kwa kila kitu? Injinia akafanya hesabu kwa chaki. Modeli yetu ilikuwa imepunguzwa mara ishirini na tano. Ili namba zote mbili zikae, akasema, tungehitaji kimiminika chenye mnato mdogo kuliko wa maji, mara mia moja ishirini na tano.

"Kinauzwa wapi?"

"Mungu hakukiumba."

Kwa hivyo unachagua. Mtoni anayetawala ni mvuto wa dunia, basi unaishika ile namba ya mawimbi, na ile ya mnato unaiacha iende kombo. Unaijenga modeli iwe kubwa ya kutosha ili ukombo wake usilete madhara, na kwenye ripoti unaandika waziwazi kwamba hapa hatukulingana. Nilidhani huo ni udanganyifu. Injinia akasema udanganyifu ni kunyamaza.

Usicheke, lakini jambo hilo lilinisaidia kukulea. Ulipozaliwa nilitaka kuwa mama mzima na fundi mzima, vyote kwa kipimo kamili, na nilikuwa nakaribia kuanguka. Ile siku ya maonyesho shuleni, ulipokuwa mti, nilifika viti vikikunjwa. Ulinishika mkono ukanieleza kwa fahari, "Nilisimama poa, hata sikutingishika." Nililia chooni kwa mwalimu mkuu. Baba yako, dereva wa lori, ndiye aliyejifunza kukuchana nywele, na kuna Jumatatu ulikwenda shule na mstari kichwani uliopinda kuliko mto wangu. Nikaamua nichague. Nikaishika ile nusu saa ya kibarazani, mimi na wewe, kabla ya chakula, siku zote za mwaka, niwe nimechoka au la. Mengine yalikwenda kombo na unayajua yote, kwa sababu tuliyacheka pamoja hapo hapo kibarazani.

Na wewe huko utataka kushika vyote. Masomo, kanisa, marafiki wapya, marafiki wa huku, ugali, simu kwa mama kila siku. Hutaweza, mwanangu. Ukikosa kunipigia wiki nzima nitaandika kwenye ripoti, kisha nitaendelea na kazi zangu.

Sasa nije kwenye aibu yangu kubwa, ambayo wewe unaikumbuka kama sikukuu.

Unajua court yetu ilivyokaa, nyumba zimeuzunguka uwanja wa magari, na uwanja uko chini kuliko barabara. Zamani mvua kubwa ikinyesha, maji yote ya nje yalikuja kwetu kama wageni wa harusi. Wakaazi walikutana, kila mtu anapaza sauti, huyu anataka kuinua kizingiti, huyu anataka kushtaki. Nikainua mkono nikasema, tuchimbe mtaro, na kabla ya kuchimba mimi nitajenga modeli, nione upana gani utatosha. Nilijaribu kwanza kwenye sinia la chai. Maji yalijikunja matone yakakataa kutembea kabisa, kwa sababu kitu kikiwa kidogo mno maji yanatawaliwa na ngozi yake. Basi nikajenga kubwa, ya plaiwudi na saruji, mahali pa gari letu, moja kwa ishirini na tano. Kila jirani alikuja kukagua nyumba yake. Mama Akinyi, ambaye tunatenganishwa naye na ukuta mmoja tu, alisimama na mikono kiunoni.

"Mama Ndinda, geti yangu ni red. Hii ni maroon."

Nikapaka upya.

Nikachukua mvua kubwa, ya saa moja. Nikaipunguza maji yake kwa urefu, kwa upana na kwa kina, ikaja kama nusu ndoo. Nikatoboa mkebe matundu. Jumamosi watu wakatoa viti nje, nami nikanyesha. Nilinyesha taratibu, nusu ndoo kwa saa nzima, kwa sababu mvua yenyewe ilikuwa ya saa nzima. Mkono uliniuma. Mtaro wangu mdogo ukabeba maji yote, hata tone moja halikugusa mlango wa mtu. Wakapiga makofi. Mama Akinyi akapiga vigelegele. Tukauchimba mtaro kwa kipimo kile kile, wanaume na majembe, kina mama na soda, na kwa muda wote huo nilikuwa nikiitwa Injinia mpaka dukani. Nikaitika.

Mvua zikaja. Ya kwanza kubwa ilianza mchana, na watu wakasimama milangoni kuutazama mtaro wao ukifanya kazi. Mtaro ukajaa, ukashiba, ukatapika. Nikaona maji yakivuka kibaraza chetu bila haraka, na ndara za baba yako zikielea kuelekea jikoni. Kutoka ng'ambo ya ukuta nikasikia sauti.

"Mama Ndinda! Ile model yako imeingia kwa sitting room yangu! Na haijabisha hodi!"

Wewe ulikuwa ndani ya karai la kufulia, unapiga kasia kwa mwiko, unapita mlangoni kwangu unanipungia mkono. Sijawahi kukuona na furaha kama ile.

Nilikwenda kwa Injinia na kichwa chini. Akauliza nilivyopunguza urefu, nikamwambia, akasema sawa. Mteremko, sawa. Kiasi cha maji, sawa kabisa.

"Na ulimwaga kwa muda gani?"

"Saa moja. Mvua ni ya saa moja."

Akavua miwani akaipangusa. Aliniheshimu kwa muda mfupi, kisha kicheko kikamshinda. "Syombua! Umepunguza kila kitu, ukasahau saa!"

Akanieleza hivi. Angusha ndizi kutoka juu ya kabati, kisha iangushe kutoka kwenye stuli yenye robo ya urefu wa kabati. Ya stuli inafika upesi, ila si mara nne upesi, mara mbili tu. Maji ni hivyo hivyo, yanaanguka tu, hata yanapotembea. Urefu ukipungua mara nne, muda unapungua mara mbili. Urefu ukipungua mara ishirini na tano, muda unapungua mara tano. Mvua yangu ya saa moja, kwenye uwanja ule mdogo, nilipaswa kuimwaga kwa dakika kumi na mbili. Mimi niliipa saa nzima. Nilikuwa nimewapimia majirani manyunyu, wakachimba mtaro wa manyunyu. Na miaka yote ile maabara nilimwona Injinia akifungua na kufunga pampu kabla ya wakati niliodhani ni sahihi, nikafikiri ni mtu wa haraka tu. Sikuuliza hata siku moja.

Nilirudi nyumbani nikataka tuhame. Nilifunga mapazia. Wewe ndiwe uliyekuwa ukitoka na kuniletea habari za nje, na zote zilikuwa mbaya. Kisha mlango ukagongwa. Nilipofungua, Mama Akinyi alikuwa na zulia lake begani, bado linatiririka maji, na nyuma yake nusu ya court.

"Injinia, toka nje," akasema. "Tumekuja umwage tena."

Ile mara ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko siku nyingi za maisha yangu. Nilimwaga kwa dakika kumi na mbili, baba yako ameshika saa. Vijumba vikaanza kuzama kimoja kimoja, na watu wakawa wanaruka. "Yangu imezama!" "Hata yangu!" "Angalia geti ya Mama Akinyi!" Ungedhani tumeshinda kombe. Tukaupanua mtaro wa modeli kidogo kidogo mpaka vijumba vyote vikabaki vikavu, kisha tukachukua majembe upya. Mtaro huo ndio uliopo mpaka leo. Zulia la Mama Akinyi halikupona, lakini alilitandika hivyo hivyo miaka mingi ili kila mgeni aulize limepatwa na nini, na kila akiulizwa alinipigia kelele nije kusikiliza.

Kwa hivyo ninajua kitu kimoja kuhusu pakubwa. Pana saa yake. Hapa court ulijulikana kwa alasiri moja, ukiwa ndani ya karai. Huko miezi itapita na bado watakosea jina lako, na utafikiri mtaro wako ni mbovu. Usiubomoe. Ni saa tu ndiyo ndefu zaidi.

Lakini hilo halijibu swali lako, ninajua. Uliuliza utakuwa nani. Ninavyoelewa mimi, unadhani haya ya hapa yalikuwa modeli, na kitu chenyewe kiko huko.

Kuna siku, baada ya kazi, Injinia alikuwa ameenda nyumbani na pampu ilikuwa bado inanguruma. Nikatia mkono kwenye ule mto wangu wenye kona mbili. Maji yalikuwa baridi. Yalinisukuma vidole. Mto ulikuwa mdogo, kingo zilikuwa za plaiwudi, mawe yalikuwa ya gundi, lakini maji hayakuwa mfano wa maji. Yalikuwa maji. Yanavutwa na dunia hii hii, yana uzito wake wote, na usipoyaheshimu yatakulowesha kama yale ya mto wenyewe.

Zile alama ulizochora kwenye nguzo za daraja la miguu kule Mathare, ukawafundisha kina mama kuzisoma mvua ikianza, umeniambia ni kazi ndogo ya mtaani. Yule mama aliyehamisha watoto wake na magodoro kwa sababu maji yalifika kwenye alama yako nyekundu, watoto wake hawakuwa wa modeli, Ndinda. Hofu yako usiku ule wa kumpigia simu haikuwa ya mazoezi. Ulikuwa mtu mzima kamili, umesimama mahali padogo. Huko utakuwa huyo huyo, umesimama mahali pakubwa. Sina jibu lingine, na hili limenichukua tangu Jumapili kulipata.

Sasa nikwambie kwa nini siku hiyo sikuweza kusema. Uliposema unataka kubaki, nilifurahi. Nilifurahi sana, nikakuona hapa nyumbani miaka yote, kibarazani, mimi na wewe, na kama ningefungua mdomo ningesema baki. Ndiyo maana nikaomba chumvi. Ilinibidi nishike kitu. Lakini sitaki ubaki. Nimeketi na jambo hili siku zote hizi nikiligeuza, na ninataka uende, kwa moyo ule ule mmoja uliotaka ubaki. Sina mwingine.

Subiri. Lango limelia. Baba yako alirudi kitambo, ameketi sebuleni na sanduku mbele yake kama mgeni rasmi, eti limepita kwenye mizani na bucha amempongeza. Na wewe ndiwe huyo unaingia, nimekujua kwa ndara. Umesema nywele zinauma mpaka ubongo. Umeuliza kama kuna chapati. Kisha umesema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Fathe, kesho tunatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri, Mwaitu."

"Basi niamshe saa kumi. Lazima nimuage Mama Akinyi, ama atanifuata mpaka airport."

Hukuuliza kama tunatoka. Nimeandika kurasa zote hizi kukubembeleza, na wewe umekwenda kuamulia saluni. Barua imekosa kazi kabla wino haujakauka, na mimi nimekaa hapa kitandani ninalia na kucheka kama mtu aliyerogwa. Nitaipenyeza kwenye mkoba wako wa mkononi hivyo hivyo. Utaisoma ukiwa juu ya mawingu, wakati huwezi tena kurudi kunibishia.

Unaniita nije nione nywele. Nakuja.

Mama yako,
Syombua